Dada, umeniuliza kuhusu kuku

Dada yangu,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Tangu tuanue matanga ya Mama hatujavuka salamu za Idi, na sasa umestaafu, nyumba ya Kange imekwisha, unaniuliza: "Nataka kufuga kuku uani, unaonaje?" Nakujibu hapa kwa sababu kwenye simu ningekuandikia bei ya vifaranga tu, na hilo silo lililonikaa rohoni.

Kuku hamsini wa mayai, umesema. Piga hesabu kwanza. Kuku wa mayai aliyekomaa hula gramu 120 hivi kwa siku. Hamsini ni kilo sita. Mfuko wa kilo 50 hauvuki siku tisa. Na ukinunua vifaranga wa siku moja, utalisha karibu miezi mitano ndipo uone yai. Usikimwage kiinua mgongo chako chote bandani. Mimi ningeanza na wa kienyeji, mitetea watano na jogoo mmoja. Banda urefu wake uelekee mashariki na magharibi jua lisiingie ndani, upande mmoja uwe wa wavu, maana joto letu la Januari na Februari unalijua. Na kuku mgeni, hata akiwa zawadi ya mkwe, mtenge wiki mbili kabla hujamchanganya na wenzake.

Hilo la kuku mgeni sikufundishi, ulikuwepo. Kideri, ugonjwa ule unaofagia kuku, kilipopita mtaani kwetu Ngamiani, jioni tuliwafungia wazima, asubuhi mabawa yameanguka, kinyesi kijani, shingo zimepinda. Mama hakulia, alichukua jembe. Tangu siku ile hakukosa chanjo: tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Alikuwa anapita nyumba hadi nyumba kuwachangisha majirani wanunue kichupa kimoja, kwa sababu kikishafunguliwa hakiwekwi, na kwa sababu kuku wa jirani asiyechanjwa ndiye anayeingia uani kwako. Ukiona wameanza kusinzia umeshachelewa. Chanjo haimponyi aliyekwisha kuugua.

Mama alipofariki alikuwa na kuku kumi na mmoja. Kumi sina neno nao. Wageni walitoka Muheza, walitoka Pangani, wengine walivuka mpaka kutoka Mombasa, watu lazima wale. Ila yule kishingo, mtetea asiye na manyoya shingoni.

Alikuwa juu ya mayai tisa, siku ya kumi na tisa. Najua kwa sababu Mama alikuwa anahesabu kwa mkaa ukutani, mstari mmoja kila asubuhi hadi itimie ishirini na moja. Kumi na sita aliichora yeye. Ule wa mwisho aliuchora asubuhi, adhuhuri akawa hayupo. Mitatu iliyofuata niliichora mimi, na sikumwambia mtu.

Ulitoka jikoni na upawa mkononi, ukanyoosha kidole: "Na yule aliyelala pale." Nikakwambia anaatamia. Ukasema, "Watu wanangoja kula, wewe unaniletea habari za mayai." Kijana akaenda kumshika. Hakukimbia, Dada. Kuku anayeatamia hakimbii, anavimbisha manyoya anakaa. Alinyanyuliwa akiwa vile vile alivyokaa.

Usiku, wageni wamelala, nilikwenda na kurunzi. Mayai yalikuwa bado na uvuguvugu. Nikaweka moja sikioni nikasikia kifaranga kinalia ndani. Nikayafunga kwenye kanga ya Mama, ile aliyoivaa asubuhi ya mwisho, nikalala nayo tumboni. Waliototolewa ni wawili tu, na hawakumaliza wiki.

Siku mbili, Dada. Zilibaki siku mbili.

Najua unavyosema huko kwa shangazi, kwamba mimi ndiye niliyeacha banda la Mama likaoza, ningekuwa na uchungu ningeendelea kufuga. Wewe siku ya nne ulipanda basi. Mimi nilibaki na nyumba, natoka kazini magharibi imeshapita. Kuku si kumwaga pumba asubuhi ukafunga mlango. Kuna maji, kuna utitiri, kuna kicheche usiku, na mchana kunguru hawa wa shingo ya kijivu wanaokaa juu ya bati wakihesabu vifaranga. Ningemwachia nani? Nilikataa kufuga kwa sababu sikutaka kuwa na kiumbe nisiyeweza kumlinda. Bado naona nilifanya sawa.

Ila chumba changu kilikuwa na ufunguo. Ningeweza kumhamisha yule kuku usiku wa pili, na mayai yake, na kapu lake. Nilisema neno moja nikanyamaza, kwa sababu wewe ni mkubwa na mimi ni mdogo.

Na wewe ulikuwa hujalala siku tatu. Hilo nalo nililiona. Ulipika, ulipokea mikono ya watu, ulimkosha Mama kwa mikono yako mwenyewe wakati mimi nimekaa nje siwezi kuingia. Ada yangu ya shule uliilipa wewe. Ni wewe pia uliyenifundisha, nina miaka sita, kufunika vifaranga kwa tenga na kuweka jiwe juu kunguru wasilibirue, tukikaa zamu kizingitini, wewe na fimbo, mimi na makopo ya kugonga. Kwa hiyo kufuga unajua. Ndiyo maana mpaka leo sielewi.

Fuga, Dada. Anza na hao watano. Wa kwanza kuatamia mweke mahali pa giza, punje na maji karibu, watu wasipite pite. Siku ya saba mulika mayai kwa tochi, yasiyo na mishipa yaondoe. Baada ya hapo usimguse, hata waje wageni gani.

Tenga la Mama liko kwangu, juu ya kabati. Ukingo umefumuka kidogo lakini linafaa. Sijaamua kama nitakupa.