Soketi ya tela isichukuliwe kimzaha

Mhariri,

Mimi ni fundi umeme wa magari, naomba nafasi niseme na wenye matela. Wengi wakinunua ndoano ya kukokotea huuliza kwa makini inahimili kilo ngapi. Ikifika zamu ya soketi inayopeleka umeme wa gari kwenye taa za tela, kwao yoyote inafaa, au nyaya zinasokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu. Jambo hili linaniuma, kwa sababu anayekufuata nyuma hajui kama unafunga breki ila kwa zile taa.

Anza na volti. Magari madogo hutumia 12, malori makubwa mengi 24, na balbu za 12 zikipewa 24 zinaungua. Kisha angalia tela lenyewe. La mizigo lenye taa za kawaida linatosheka na pini 7. Kama lina friji, taa ya rivasi au betri yake inayohitaji kuchajiwa, chukua soketi ya pini 13. Plagi yake huzungushwa ikajifunga, haichomoki ovyo barabarani.

Kinachosumbua kuliko vyote ni ethi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye betri, ule mweupe wa pini namba 3. Ukikanyaga breki ukaona na indiketa zinawaka hafifu, usikimbilie kubadilisha balbu. Umeme umekosa njia ya kurudi kwenye betri, sasa unapenya kwenye balbu nyingine kutafuta pa kutokea. Balbu 2 za breki za wati 21 kila moja zinavuta kama ampea 3.5 kwenye volti 12. Ongeza indiketa, taa za nyuma na ya ukungu: zote zinarudi kwa waya huohuo mmoja. Ndiyo maana mimi huuweka mnene kuliko wenzake, wa milimita 2.5 za mraba, na huukaza kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi hadi king'ae. Wapo wanaotegemea ndoano ipitishe ethi. Ndoano ina grisi na inachezacheza. Haiwezi kazi hiyo.

Soketi ifungwe kwenye kibati imara kando ya ndoano, mfuniko ufunguke kwa juu, na nyaya zipite mbali na ekzosi. Zinapotoboa bodi ziwekewe raba, la sivyo bati litazikata. Kebo iache ulegevu wa kutosha tela likate kona, lakini isiburuzike chini.

Kwa magari mapya yenye kompyuta, tafadhali msichune waya wa taa ya nyuma na kuunga juu kwa juu. Wekeni kisanduku cha kudhibiti taa za tela kinacholingana na gari.

Mwisho, kabla ya kuondoka mtu asimame nyuma ya tela. Washa taa, kanyaga breki na uwashe indiketa, vyote kwa pamoja. Ethi mbovu mara nyingi hujificha taa zikijaribiwa moja moja.

Fundi umeme wa magari