Kafeini mmeisifu, moto wa kikombe mmeusahau

Mhariri,

Makala yenu iliyosema kafeini huisaidia kinga ya mwili kupambana na saratani imefika kijiweni kwetu. Muuza kahawa ameikata na kuibandika kwenye kapu la vikombe, na kila anayeagiza cha pili anasema anajitibu.

Mlichoandika kuhusu kinga ya mwili kina msingi, ila mmekirukia. Uvimbe wa saratani huzungukwa na adenosini, kemikali inayozipoza seli T, askari wetu wa kinga, zisiushambulie. Kafeini huikalia adenosini kiti chake kwenye seli. Ndiyo maana hata usingizi, unaoletwa na adenosini hiyohiyo, hutoroka. Kwa panya wa maabara, kuziba viti hivyo kumezirudishia seli T ukali wake, na dawa za namna hiyo zinajaribiwa kwa wagonjwa. Lakini kutoka kwa panya hadi kwenye dele la kahawa pana safari ndefu, na safari hiyo hamkuitaja.

Mwaka 1991 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) liliishuku kahawa kwa saratani ya kibofu. Mwaka 2016 likaifutia shuku hiyo, maana wanywaji wengi wa kahawa walikuwa wavutaji sigara pia, na moshi ulikuwa umeichafulia jina. Likaona hata kwamba wanywaji hupata saratani ya ini kwa uchache kuliko wengine.

Katika tangazo hilohilo la 2016 lilisema kinywaji chochote kinachonywewa kikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65, kiwe chai, kahawa au maji matupu, huenda kinasababisha saratani ya umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Hapo ndipo nilipotegemea mngekaza kalamu. Saratani hiyo inatuandama kuanzia Ethiopia, ikapita Kenya, Tanzania na Malawi, hadi Afrika Kusini. Waliopima chai ya wenyeji wa Kilimanjaro wakati wa kuanza kunywa walikuta wastani unapita nyuzi 70. Na sisi wa dele, lenye makaa chini yake mchana kutwa? Kahawa isiyounguza ulimi hurudishwa!

Ipimeni hiyo, mtuandikie.

Mimi siku hizi kikombe nakiweka pembeni, nasukuma kete kwanza. Wenzangu wananiuliza kama nasubiri kilale.

Mnywaji wa kahawa chungu,
Tanga