Kuhusu Ule Mchango wa Goma

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Nakuru. Baba yako hajambo, na nyanya anakusalimu sana. Nimefurahi kusikia kwamba ninyi vijana wa kanisa huko Kisumu mmeamua kusaidia waumini wenzetu wa Goma, kule mashariki mwa Kongo. Moyo huo ameuweka Mungu mwenyewe. Lakini hizo nguo mnazokusanya, ziacheni kwanza.

Mpigie simu yule mchungaji wao wa Goma, umuulize wanahitaji nini. Mtaelewana, hata kama Kiswahili chake kina Kifaransa ndani. Muulize, kisha nyamaza umsikilize. Januari 2008, tulipokimbia vurugu za uchaguzi tukalala kwenye mahema pale uwanja wa maonyesho ya kilimo, wewe ukiwa mgongoni, nguo zilimwagwa marobota kwa marobota. Sisi akina mama tulikuwa tunatafuta sufuria, makaa na sodo. Kuna mama mmoja wa kanisa alikuja mikono mitupu, akaketi nasi kwenye mkeka, akauliza, "Mama, leo umekosa nini?" Kesho yake akarudi na sufuria yenye mfuniko na beseni la kukuogeshea. Huyo namwombea mpaka leo.

Na Goma ina shida zake. Waasi wa M23 walipouteka mji mwishoni mwa Januari 2025, maji na umeme vilikatika, watu wakawa wanachota moja kwa moja kutoka Ziwa Kivu, na kipindupindu huko si kigeni. Mji wenyewe umekaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Hata kuchimba shimo la choo ni kazi kubwa. Kwa hiyo usishangae mchungaji akitaja klorini, sabuni na ndoo zenye mifuniko. Au atasema chakula, maana wenyeji huko wamekaribisha waliokimbia vijiji, wakabanana nao nyumbani. Wameanza kusaidiana kabla sisi hatujafikiria kuchanga. Ugali wameshaugawana, sisi tunaongeza unga tu.

Kuhusu pesa: mji ulipotekwa, benki zilifungwa, na hata pesa za simu kuzitoa kukawa taabu kwa sababu noti ziliadimika. Kabla ya kutuma, muulize njia gani inafanya kazi kwao, na mwongeze ya kutolea. Mhazini wenu aandike kila shilingi, lakini msimdai mchungaji picha za wajane wakipokea unga. Mtu anayeishi chini ya bunduki, picha inaweza kumponza. Majina yao yasizagae kwenye makundi ya WhatsApp, wala usimuulize kwa simu anaunga mkono upande gani.

Jambo jingine, mwanangu, na hili ndilo linanikosesha usingizi. Huyo mchungaji anazika, anafariji waliofiwa, anatafutia watoto uji, na Jumapili anasimama madhabahuni. Yeye nani anamuuliza kama amelala? Mpigie hata wiki ambayo hamna cha kutuma. Ombeni naye kwa simu, yeye na mke wake.

Nguo mlizokwisha kukusanya zipelekeni soko la Kibuye hapo Kisumu mkaziuze, pesa ziingie kwenye mchango. Kikundi chetu cha akina mama kinakutana Jumamosi. Ongea na mchungaji kabla ya siku hiyo, unitumie orodha yake niwasomee.

Mama yako akupendaye