Wanasesere wa Bati la Biskuti

Mwanangu mpenzi,

Nimeipata picha uliyonitumia kutoka nyumbani kwa nyanyako, mtaa wa Tudor. Ndio wenyewe, wanasesere wetu wa utotoni wa Star Wars, ile filamu ya vita vya angani. Luke, Princess Leia, roboti R2-D2, Chewbacca mwenye manyoya mwili mzima, yule mwovu Darth Vader ambaye sasa hana joho, Jawa mmoja, na askari weupe ambao sasa wamekuwa rangi ya samli. Sikujua kwamba nyanyako alipohama Leicester, Uingereza, kurudi Mombasa aliwafunga na wao mizigoni. Unauliza kama ni mali, kwa kuwa umesoma habari za mwanasesere wa Star Wars aliyeuzwa kwa mnada dola 525,000.

Habari hizo ni za kweli, za Marekani, mwaka 2024. Lakini yule alikuwa mwanasesere wa majaribio wa Boba Fett, mhusika mwingine wa hadithi hiyo, mwenye roketi ya kufyatuka mgongoni. Kenner, kampuni ya Marekani iliyowatengeneza wanasesere hao, ilimtangaza 1979, kisha ikaogopa watoto wasije wakasakamwa na ile roketi, ikaigandisha mahali pake kabla ya kumtoa. Wenye roketi ya kufyatuka hawakuuzwa dukani kamwe. Hao wetu ni wengine kabisa. Wamechezewa. Rangi imewachubuka puani, na ule upanga wa manjano unaochomoza kutoka mkononi mwa Luke umekatika ncha. Wakusanyaji wenye fedha huwataka waliobaki kwenye kadi zao za kufungashia, wasioguswa. Kadi zetu tulizichana siku ileile wanasesere walipoingia nyumbani, na nafurahi kwamba tulizichana.

Wewe filamu unayo simuni, ukitaka unairudia hata kwenye matatu. Sisi haikuwa hivyo. Star Wars ilifika London mwisho wa Desemba 1977, ikatufikia sisi wa mikoani mwaka uliofuata. Ikakaa sinema, ikaondoka. Video hatukuwa nayo, na kituo cha ITV kiliionyesha kwenye televisheni kwa mara ya kwanza Oktoba 1982. Miaka yote hiyo ya katikati, mtoto aliyeipenda ile filamu alibaki na kumbukumbu yake na wanasesere hao. Ndiyo maana sishangai kwamba Krismasi ya 1977 Kenner, ambao walikuwa bado hawajawatengeneza, waliweza kuuza Marekani bahasha ya kadibodi yenye hati ya ahadi badala ya wanasesere, kwamba wanasesere wanne wa kwanza wangeletwa kwa posta mwaka unaofuata. Walikuwa Luke, Leia, Chewbacca na R2-D2. Mimi ningeipokea hati ile kwa mikono miwili.

Tazama pia kimo cha Luke, inchi 3 na robo tatu. Kabla ya hapo mwanasesere wa kiume mara nyingi alikuwa pande la mtu. G.I. Joe wa Marekani, aliyetoka 1964, alikuwa na kimo cha futi nzima, na Action Man wa Uingereza vivyo hivyo. Mjomba wako alikuwa naye mmoja, na mmoja huyo alikuwa peke yake, hana wa kusema naye. Kenner waliwafanya wadogo ili vyombo vya angani viweze kutengenezwa kwa kipimo chao na bado viingie chumbani mwa mtoto. Udogo huo ukaleta jambo kubwa: bei ikawa ya kufikika, na hadithi nzima ikaweza kukusanywa, mhusika mmoja mmoja. Sikukuu moja Leia, mtihani mzuri Jawa. Kila aliyekosekana alikuwa pengo katika hadithi, na mjomba wako na mimi tulilijua pengo hilo usiku na mchana.

Kadi zetu zilikuwa na jina la Palitoy, kampuni iliyowauza Uingereza, nayo ilikuwa Coalville, si mbali na kwetu, ingawa ukigeuza mguu wa Luke utasoma Hong Kong. Watoto wa Marekani walipewa Death Star, ile ngome ya angani ya akina Vader, ya plastiki, mnara wa ghorofa. Palitoy walitutolea ya kadibodi, yenye vyumba vilivyozunguka kama nusu ya tufe. Mpaka leo nashikilia kwamba yetu ilikuwa nzuri zaidi, maana ilikuwa na vyumba vingi vya kujificha. Ililegea kwa unyevu, ikafa.

Sasa nikwambie lisiloandikwa kwenye minada. Nyanyako alikuwa hakuiona filamu. Kila jioni alipokuwa akichambua mchele, tulimpangia wanasesere mezani tumsimulie, naye hakukubali tuanze bila "Paukwa!" Tukaitika "Pakawa!" Kwa hiyo kwetu Darth Vader alinena Kiswahili cha Mombasa, tena cha adabu, kwa sababu mbele ya mama hakuna aliyethubutu kutukana. Majawa walikuwa majini wa jangwani. Chewbacca alikuwa zimwi, na nyanyako alimpenda kuliko wote. Tukimtia hatarini, alituzuia: "Zimwi likujualo halikuli likakwisha, mwacheni hai." Tukamwacha hai. Tulipokuja kuiona filamu tena, miaka mingi baadaye, niliona imepungua. Haikuwa na mama ndani yake.

Kwa hiyo usiwauze, mwanangu, hata akitokea wa kukupa bei. Kenner waliacha kuwatoa 1985, na wengine wapo, wanunuzi watawapata kwingine. Wewe waondoe hapo dirishani ulipowapigia picha, jua la Mombasa litazidi kuwageuza rangi hao weupe. Wapanguse kwa kitambaa chenye maji tu. Kichwa cha R2-D2 kizungushe polepole, usikie kama bado kinalia tik-tik. Halafu wapange mezani mbele ya nyanyako baada ya chai ya alasiri, umwambie akusimulie yeye. Atakuambia mambo ambayo hayamo katika filamu yoyote, na mengine hata mimi siyajui, kwa sababu tulipolala aliendelea kuwapanga peke yake. Asubuhi tulikuwa tukimkuta Chewbacca amehamishwa, amekaa kwenye kiti cha Vader.

Niandikie atakalosema.

Mamako