Mwanangu, usibaki kwa ajili yangu

Mwanangu mpendwa,

Shangazi yako ameniambia unataka kuahirisha safari ya Prague mpaka sukari yangu itulie. Mbona hukuniambia mimi? Sukari haina siku ya kutulia. Nenda.

Nimesoma habari za mpiga piano wa mji huohuo, Alice Herz-Sommer, Myahudi. Wanazi walipoingia Prague mwaka 1939, jamaa zake wengi walikimbilia Palestina. Yeye alibaki, kwa kuwa mama yake alikuwa mgonjwa. Wayahudi wakakatazwa kupiga muziki hadharani, na mwaka 1942 mama huyohuyo akachukuliwa, wasionane tena. Simlaumu Alice. Ila mimi kila nikisoma namfikiria yule mama, na najua angependa bintiye awe mbali. Wewe hufukuzwi na mtu, unakwenda kusoma. Usijifunge kwa sababu yangu.

Alice alipobaki na huzuni ile alikaa kwenye piano saa nyingi kila siku, akijifunza etudi 24 za Chopin, vile vipande vigumu vya mazoezi, vilevile vinavyokufanya ubamize kifuniko cha piano vidole vikigoma. Acha tabia hiyo. Mwaka 1943 walipelekwa kambi ya Wanazi ya Theresienstadt, yeye, mumewe na mtoto wao wa miaka sita. Mle alipiga katika maonyesho zaidi ya 100, mbele ya watu wenye njaa. Mumewe alipohamishwa alimwonya asijitolee kwa lolote. Siku chache baadaye wanawake wakaambiwa wanaotaka kuwafuata waume zao wanaruhusiwa. Alice hakwenda, akapona yeye na mwanawe. Mumewe alifia Dachau, kambi nyingine ya Wanazi. Kwa hiyo usisaini karatasi usiyoielewa, hata ukiambiwa ni ya kukusaidia. Wewe unaamini watu upesi mno.

Aliishi miaka 110, akafariki London mwaka 2014, na uzeeni bado alikuwa akipiga piano kila siku. Mtoto naye alikua mpiga cello, ile fidla kubwa.

Kwaya haijapata wa kushika nafasi yako, nami nikiulizwa habari zako natembea kifua mbele. Lakini usifanye hilo nalo kuwa sababu ya kubaki. Dawa zangu mdogo wako anazijua, na kliniki tunakwenda naye.

Fundi amebadilisha bati la jikoni, anadai nusu ya pesa. Kuku wawili tumewauza, wa tatu anaatamia. Sweta lako liko kwa shangazi, lichukue Jumamosi kabla ya saa sita, anafunga duka mapema. Na ufunguo wa kabati umeuweka wapi?

Mama yako