Barua kwa mwanangu: ulizaliwa tarehe 17, si 18

Mwanangu mpendwa,

Kamwene. Ujumbe wako kuhusu fomu ya mkopo nimeusoma mara mbili. Cheti cha kuzaliwa kinasema 18 Agosti, kadi ya kliniki inasema 17, nawe umechoka, unaona bora ufuate cheti mambo yaishe. Usifanye hivyo, mwanangu. Aliyejaza cheti kile alichukua tarehe tuliyoruhusiwa kutoka hospitali akaifanya ya kuzaliwa. Nilimwambia palepale dirishani, akanijibu siku moja haina neno. Wewe uko mgongoni unalia, foleni nyuma yangu ndefu, nikanyamaza. Kunyamaza kule kunaniuma mpaka leo.

Siku moja ina neno. Nilikuwa natoka Ilula na matenga sita ya nyanya, nimekaa mbele kwenye fuso, uchungu ukanishika tulipofika Lugalo, karibu na ule mnara. Nilikamata mkono wa shati la dereva sikuuachia mpaka mjini. Saa kumi na moja jioni ukalia. Babu yako alipofika hakuuliza kilo wala kama ni wa kike. Aliuliza tarehe. Nilipomtajia, alivua kofia akakaa kwenye benchi kimya.

Ndiye aliyenieleza. Tarehe 17 Agosti 1891, palepale Lugalo, Wahehe wa Chifu Mkwawa walilivizia jeshi la Wajerumani likipita kwa mstari mrefu vichakani. Kiongozi wake, Emil von Zelewski, watu walimwita Nyundo. Wahehe walikuwa na mikuki na ngao, bunduki zao chache. Waliwaacha wakaribie kabisa, kisha wakawarukia kabla hawajajipanga. Zelewski akafa, na Wajerumani wengine tisa, na askari wao zaidi ya 200. Bunduki zipatazo 300 zikabaki mikononi mwa Wahehe. Babu alipokuwa akisimulia alikuwa akikunja vidole vyake kama anashika mpini. Najua Kalenga, ngome ya Mkwawa, ilianguka Oktoba 1894, najua Mkwawa alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 kuliko kukamatwa, na fuvu lake likakaa Ujerumani hadi 1954. Ulikwenda kuliona Kalenga na wenzako wa shule ya msingi, ukarudi usile chakula cha jioni. Hayo yote hayaifuti asubuhi ile ya Lugalo.

Halafu kuna jambo nililolijua ukubwani, na kila nikilifikiri nafurahi upya. Siku Nyundo anaanguka, ng'ambo ya bahari, St. Ann's Bay kule Jamaica, mtoto wa fundi mwashi alikuwa anatimiza miaka minne. Ni Marcus Garvey, aliyezaliwa 17 Agosti 1887. Alijifunza uchapaji, akaanzisha chama chake mwaka 1914, akahubiri kwamba Afrika ni ya Waafrika, na mwaka 1919 akaanzisha kampuni ya meli iliyobeba jina la nyota nyeusi. Nyota ile ndiyo unayoiona katikati ya bendera ya Ghana. Hakuna aliyempelekea habari za Lugalo akiwa na miaka minne, lakini mimi nawaona wamekaa kwenye siku moja kama ndugu.

Tarehe hiyohiyo mwaka 1945 Sukarno na Hatta walitangaza uhuru wa Indonesia, na mwaka 1960 Gabon ikajitoa kwa Ufaransa. Huko kote, siku yako ni sikukuu ya taifa. Uturuki nako wanaikumbuka kwa machozi: tetemeko la 1999 liliwakuta usingizini usiku wa manane, wakafa zaidi ya watu 17,000. Kwa hiyo ukikata keki, mwanangu, waombee na hao.

Basi, hivi tufanye. Nimeongea na wakili hapa mjini, kiapo cha kusahihisha tarehe kinawezekana, na hela yake nimeitenga kwenye mauzo ya vitunguu. Wewe waombe watu wa chuo wakusubiri wiki mbili. Kadi ya kliniki nimeifunga kwenye nailoni, nakutumia na basi la kesho asubuhi. Ukaipokee wewe mwenyewe stendi, usimtume mtu. Utoe nakala, kadi yenyewe unirudishie. Doa jekundu lililo karibu na jina lako ni la nyanya za siku ile. Usilikwangue. Tarehe inasomeka vizuri.

Mama yako,
Iringa