Barua kwa mwanangu anayekwenda Kolo

Muheza, Jumatano usiku

Mwanangu mpendwa Zuhura,

Assalaam alaykum. Barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi pamoja na gunia dogo la machungwa, na nimemsihi akukabidhi barua kwanza, kwa sababu machungwa yanaweza kungoja siku mbili lakini neno nililo nalo haliwezi: usipande kwenye yale mapango ya michoro ya kale ya Kondoa peke yako.

Nilikuwa nimetulia tangu uliponipigia simu kuniambia kwamba mmepangiwa Kolo, kule Kondoa, kwa wiki nane za mafunzo kwa vitendo. Utulivu huo uliniondoka juzi, alipopita hapa mwalimu mwenzangu mstaafu ambaye alifundisha Kondoa miaka mingi. Nilimtajia habari zako kwa fahari, naye badala ya kunipongeza akaniuliza kama nimewahi kusikia habari za wachimbaji. Akanisimulia kwamba wapo watu wanaoamini kuwa Wajerumani walipokimbia wakati wa Vita Kuu ya Kwanza walifukia mali katika miamba ile, na kwamba watu hao hupanda na masururu na kuifukua sakafu ya pango bila kujali kilicho ukutani wala kilicho ardhini. Tangu hapo sijalala vizuri. Mtu aliye tayari kubomoa kazi ya wahenga kwa kutafuta sanduku la rupia hatapenda kukutana na binti mwenye kamera.

Ulinieleza kwa furaha kwamba mwaka 2006 UNESCO iliiingiza michoro ya Kondoa katika Orodha ya Urithi wa Dunia, kwamba eneo lenyewe ni kilomita za mraba 2,336, na kwamba mapango yenye michoro ni zaidi ya 150 na mengine bado hayajaorodheshwa. Wewe ulizitaja tarakimu hizo kama sifa, na kwa kweli ni sifa kubwa kwa nchi yetu. Mimi nimezirudia usiku kucha kwa hesabu nyingine. Nimejiuliza walinzi watakuwa wangapi katika eneo kubwa kiasi hicho, na iwapo mtu atateleza kwenye jabali moja kati ya hayo jioni, wenzake wamekwisha kushuka, ni nani atakayeisikia sauti yake.

Utasema kwamba mtakwenda kikundi na mwalimu wenu atakuwepo. Najua. Lakini nakujua na wewe. Kila ulichokipenda, Zuhura, ulikipenda peke yako na kwa kificho. Riwaya zako za mapenzi ulizisoma nyuma ya tangi la maji. Tamthilia za Kituruki ulizifuata kwa jirani saa tatu usiku ukarudi gizani bila kumwamsha hata kaka yako akusindikize. Zile sura za Fayum, watu wa Misri ya kale waliochorwa kwa rangi na nta ya nyuki juu ya vibao ili wafunikwe nazo nyuso wanapozikwa, ulizibandika ndani ya mlango wa kabati, mahali ambapo hakuna anayeziona ila mwenye kufungua. Hata daftari la maneno ya kanga, ambalo mama yako analitunza mpaka leo na huwasomea wageni, alilikuta kwa bahati tu alipokuwa akigeuza godoro. Mimi niliyefundisha Hisabati miaka thelathini na moja sijui ulipata wapi moyo wa kuwalilia watu ambao hawajawahi kuzaliwa, lakini najua ulipata wapi tabia ya kujificha nao. Ndiyo sababu nasema nikijua ninachosema: siku utakapopenda mchoro mmoja kuliko wenzako, utarudi kuutazama alfajiri bila kumwambia mtu.

Nimeutazama sana ule mchoro uliounakili kwa penseli kutoka kitabuni na kuniachia Idi iliyopita. Mwanzoni niliona vijiti. Nilipousogeza karibu na taa nikaona kwamba ni watu watano, wembamba na warefu kuliko watu wa kawaida, vichwa vya baadhi yao vikubwa kama wamevaa kitu, na yule wa katikati ameshikwa mikono huku na huku. Uliniambia kwamba Mary Leakey, yule mtafiti wa mambo ya kale aliyefika Kondoa kunakili michoro mwaka 1951, aliona pale mwanamke anayekaribia kutekwa, huku wengine wakimzuia asichukuliwe. Uliniambia pia kwamba wataalamu waliokuja baadaye waliikumbuka ngoma ya simbo ya Wasandawe, ambamo wachezaji hupagawa, wakaona kwamba huenda yule wa katikati amepandwa na anashikiliwa na wenzake asianguke. Kisha ukaongeza yako, kwamba wewe unaona wapendanao wanaotenganishwa. Nilikujibu vibaya siku ile. Nilisema kwamba riwaya zimekuharibu macho na kwamba chuo hakitakupa maksi kwa kulia.

Leo nasema hivi: usilazimishe mapenzi mahali ambapo mwamba haujasema mapenzi, lakini usione haya kwamba uliuliza. Mtu asiyeuliza yule wa katikati alijisikiaje atapima urefu wa mchoro kwa rula na kuondoka. Pima, kisha uulize. Na ukiandika ripoti, tenganisha kurasa za vipimo na kurasa za maoni yako, ili mwalimu wako asipate pa kukushikia. Mimi nikiutazama mchoro huo naona jambo moja tu, kwamba kati ya watu watano hakuna aliye peke yake.

Kuna jambo jingine ambalo mwalimu mwenzangu alilitilia mkazo. Mongomi wa Kolo si pango la kutazamwa tu. Wazee wa Kirangi bado hupatumia kwa tambiko, mvua inapokawia au maradhi yanapozidi, na pombe ya tambiko humiminwa papo hapo penye michoro. Uliponieleza habari hiyo ulisikitika kwa ajili ya rangi zinazofifia, nami nimekuelewa. Hata hivyo kumbuka kwamba utakuwa mgeni, na mgeni hupiga hodi. Nenda kwanza kwenye ofisi ya Mambo ya Kale pale Kolo upewe mtu wa kukuongoza, wasalimie wazee, na wakikuambia kwamba leo haifai kupanda, usipande. Mtu anayekwenda peke yake hukosa hata wa kumwambia kwamba leo haifai.

Wala usinijibu kwamba watafiti wakubwa walikwenda peke yao. Mary Leakey mwenyewe hakuifanya kazi ile bila watu, na kwa akili ya kawaida tu, karatasi ya kunakilia mchoro mkubwa kuliko mtu hushikwa na mwingine ili mmoja achore.

Vaa viatu vilivyofungwa. Usimwagie mchoro maji ili upige picha nzuri, hata ukiona wengine wanafanya hivyo. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba maji hayo huuosha taratibu. Ukiona mzinga au kiota cha manyigu, rudi nyuma bila kupiga kelele. Ukifika Dodoma kwa treni, usianze safari ya Kondoa usiku ati kwa sababu barabara sasa ni ya lami. Lala kwa mama yako mdogo uondoke asubuhi. Beba sweta, kule kuna baridi ya mlimani ambayo sisi wa Tanga hatuijui.

Hapa nyumbani hatujambo. Machungwa yamezaa mwaka huu, lakini madalali wanataka kununua yangali mtini kwa bei ya kutupa, na nimekataa mara mbili. Mama yako anaona nitakataa mpaka yaoze. Cherehani yake imepona. Mdogo wako amefaulu majaribio ya somo la Fizikia na sasa haoshi tena vyombo bila kukumbushwa mara tatu. Ile stoo ya uani tunaibomoa mwezi ujao tupate chumba cha kupangisha, kwa kuwa ada ya mdogo wako haingoji pensheni. Fundi alikuja Jumatatu akagonga kuta zote nne kwa nyundo, akachunguza na mbao za paani, akasema stoo ile haijawahi kuingiwa na mchwa hata mmoja.

Nadhani umeelewa kwa nini nakuandikia maneno ya fundi. Ulikuwa kidato cha pili. Ulinunua dawa ya mchwa kwa fedha uliyopewa ya soksi na madaftari, ukaimimina kuzunguka ukuta wote ili uokoe vitabu vilivyobaki, nami nilisimama mlangoni nikakutazama unamimina. Boksi la riwaya zako lilikuwa limekwenda kwa muuza karanga wa stendi wiki moja kabla. Niliona miezi miwili baadaye ukipokea karanga zako katika ukurasa mmoja wapo, ukausoma ukiwa umesimama, ukaukunja na kuutia mfukoni, na hukuniuliza kitu. Tangu siku ile hukunionyesha tena kitabu chochote, mpaka ulipoleta mchoro huu wa penseli.

Chini ya machungwa, ndani ya kanga ya mama yako, utakuta riwaya mbili nilizozipata kwa muuza vitabu vya mitumba. Sikujua lipi ni zuri. Nilichagua lile ambalo kurasa zake zimechakaa zaidi, nikidhani limesomwa na wengi, na la pili lina picha ya mwanamke aliyesimama bandarini. Soma waziwazi, hata mbele ya wenzako mtakaolala nao kambini, na mmoja wao akikuomba umsimulie, msimulie.

Mama yako anakusalimu na anauliza kama lile blanketi la rangi ya kahawia unalo wewe. Kabla hujapanda mara ya kwanza, nitumie ujumbe wa simu wenye jina la mtu utakayepanda naye na namba yake. Ukipanda mara ya pili na mtu mwingine, nitumie tena. Mtandao ukisumbua kule juu, tuma ukiwa bado barabarani, nami simu nitaiweka kitandani karibu na mto.

Wako akupendaye,
Baba